Hakuna Mtu Juu ya Nguzo

Simu ya kituoni ililia kwa mara ya saba, na kwa mara ya saba Mama Swichi akaipokea kwa sauti ileile, kama mtu anayemtajia mteja bei ya sukari.

"Kituo cha kupozea umeme, zamu ya asubuhi."

"Zamu ya asubuhi gani saa tisa kasoro?" Alikuwa meneja wa kampuni mpya. "Mama, nimekwambia washa laini namba nne. Waziri amekaa. Wawekezaji wamekaa. Watu mia tatu wanajipepea kwa ratiba za sherehe. Washa!"

"Kuna kadi, meneja."

"Kadi ya nani?"

"Namba thelathini na moja."

Upande wa pili karatasi zilipekuliwa, mtu akanong'ona kitu, meneja akarudi na sauti ya ushindi. "Huyo hayumo. Ameachishwa kazi leo saa sita kamili. Ujumbe umemfikia kwenye simu, uthibitisho ninao hapa. Tangu saa sita huyo si mfanyakazi wetu. Kwa hiyo hakuna mtu juu ya nguzo. Tumeelewana?"

Mama Swichi alielewa kila neno. Namba thelathini na moja alikuwa mumewe.

Aliegemea meza. Mbele yake, kwenye mpini wa swichi kubwa ya laini namba nne, ilining'inia nusu ya kadi ya bati nyekundu, ukingo wake ukiwa umekatwa kwa meno kama ya msumeno. Nusu ya pili ilikuwa mfukoni kwa mumewe, mahali fulani kati ya kituo hiki na nguzo ya mwisho kabisa, nyuma ya kiwanda cha matofali. Ndivyo walivyofanya kazi tangu yeye hajaolewa. Fundi wa laini akitaka kupanda, anakuja mwenyewe kituoni, anashuhudia swichi ikizimwa, anatundika nusu ya kadi na kuondoka na nusu nyingine. Akimaliza anarudi kwa miguu yake, anazikutanisha nusu mbili juu ya meza, meno yanaumana, ndipo mwenye zamu anagusa mpini. Kadi haitolewi kwa simu. Haitolewi kwa barua. Haitolewi na mkubwa yeyote, hata akija na king'ora.

"Tuma mtu akamwangalie nguzoni," alisema. "Mtu amwone kwa macho yake. Simu yake haipatikani."

"Nimeshatuma dereva. Amepita barabara nzima. Hakuna gari la kazi, hakuna ngazi, hakuna mtu."

"Aliingia nyuma ya kiwanda?"

"Mama, unataka kuniharibia siku hii?"

"Nataka nusu ya kadi."

Meneja alikata simu. Ikalia mara ya nane, ya tisa, ya kumi. Aliyepaswa kumpokea zamu saa nane hakutokea. Baadaye ilijulikana kwamba ujumbe wa saa sita ulimkuta kwenye kiti cha kinyozi, akaenda zake nyumbani kichwa kimenyolewa upande mmoja. Mama Swichi akabaki peke yake na transfoma zilizokuwa zikivuma nje kama nyuki waliochoka. Kila baada ya dakika tano alipiga namba ya mumewe, na kila baada ya dakika tano msichana wa kwenye simu alimwambia mteja hapatikani, kwa adabu ile inayomfanya mtu atamani kuvunja kitu.

Saa kumi wageni waliondoka ukumbini, mashati yamegandana na migongo. Kibao kikubwa cha taa ambacho waziri angekiwasha kwa kubonyeza kidude chekundu, kuonyesha kwamba shirika bovu la umma limekufa na kampuni imezaliwa, kilibaki cheusi kama ubao wa shule siku ya Jumapili.

Saa kumi na moja kamili mumewe aliingia kituoni kwa miguu. Ovaroli ilikuwa imemkauka jasho mwilini, usoni hana rangi. Hakumsalimu mkewe. Aliweka nusu ya kadi juu ya meza, na mkono wake ulipotoka pale, Mama Swichi aliona hauna glavu.

"Ulikuwa wapi, Baba Pacha?"

"Nilishuka saa sita, ujumbe ulipoingia. Nikaenda kukaa. Kadi nikaisahau mfukoni."

Mama Swichi alizikutanisha nusu mbili. Meno yakaumana. Akasukuma mpini, laini namba nne ikawaka, ikiwa imechelewa kwa kila mtu.

*

Barua ililetwa kesho yake nyumbani, na dereva yuleyule aliyepita barabara nzima asione kitu. Ilikuwa na nembo mpya, yenye jani la kijani na kimwale cha jua, na chini yake nafasi ya sahihi iliyopigwa mstari tayari. Mapacha, wasichana wawili wa kidato cha pili, waliisoma kwa sauti mezani, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimalizia, kama walivyozoea kufanya kila kitu.

"Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba siku ya makabidhiano nilikaidi amri halali ya uongozi..."

"...kwa kuthamini kadi iliyokwisha uhai. Naomba radhi bila masharti yoyote. Aidha nakubali kwamba kuanzia sasa kadi za mafundi zitaondolewa kwa amri ya simu."

Mama Swichi alipaswa kutia sahihi na kuifikisha ofisini Jumatatu saa tatu. Asipofanya hivyo, barua ya pili ilikuwa tayari imeandikwa, na hiyo haikuhitaji sahihi yake.

"Si hayo tu?" mama mkwe alisema, akichambua mchele kwenye ungo. "Mimi nilidhani wanataka figo. Mkamwana, weka sahihi hapo, tule. Radhi hailipiwi kodi."

"Mama, umesikia sentensi ya mwisho?"

"Nimesikia. Mimi mambo ya kadi siyajui. Ninachojua ni kwamba nyumba hii ilikuwa na mishahara miwili, jana saa sita ukabaki mmoja. Huo mmoja nao unataka kuutupa kwa kiburi."

"Si kiburi."

"Basi kipe jina lingine, lakini hakiliki."

Mumewe alikuwa amekaa mlangoni, amegeukia nje. Tangu jana alikuwa amesema maneno yanayoweza kuhesabika kwa vidole. Mtu ambaye mafundi wenzake walimwita Paka, kwa kupanda nguzo huku akipiga mluzi, sasa aliinuka kutoka kwenye kigoda kwa kujishikilia ukuta.

"Saini, Mama Pacha," alisema bila kugeuka. "Mimi ndiye niliyesahau kadi. Kosa ni langu. Usiadhibiwe kwa usahaulifu wangu."

"Basi uwaandikie wewe kwamba ulisahau."

"Nikiandika hivyo kiinua mgongo hakitoki. Wamesema wazi. Mwenye kosa siku ya mwisho, faili lake linafungwa."

"Ahaa," alisema Mama Swichi. "Kwa hiyo radhi niombe mimi, kwa sababu mimi bado nina cha kunyang'anywa."

Punje za mchele zilirukaruka kwenye ungo.

Ikumbukwe kwamba yeye hakuwa mtu wa kulilia shirika la zamani. Alilijua ndani na nje. Alijua wakubwa waliouza mafuta ya transfoma kwa ndoo, na makaratasi yenye majina ya wafanyakazi ambao hakuna aliyewahi kuwaona sura. Aliwajua wajane waliosubiri nguzo moja kwa miaka miwili, hadi nyumba ikawa ya warithi. Siku redio ilipotangaza kwamba shirika litapasuliwa mapande matatu, la kuzalisha, la kusafirisha na la kusambaza, na kwamba la kusambaza litauzwa, yeye alipiga makofi pale kituoni peke yake. Alisema sasa tutafanya kazi kama watu. Mumewe alimcheka. "Subiri waje wahesabu vichwa," alisema.

Walikuja. Walihesabu. Kichwa chake yeye kilibaki kwa sababu waendesha swichi wanaojua kituo kile walikuwa wanne tu, na kati yao ni mmoja tu aliyetolewa. Vya mafundi wa laini vilikatwa vyote, kwa kuwa kazi hiyo ingefanywa na vibarua wa mkandarasi, kwa siku, kwa nguzo.

Ijumaa alikwenda dukani kuchukua sabuni. Fundi cherehani wa kibarazani alimwona, akainua sauti ili wateja wote wapate mgao.

"Jamani mpisheni mheshimiwa! Huyu ndiye aliyemweka waziri gizani. Mama, siku ile nilikuwa na sare kumi na nane za harusi kwenye pasi. Ungeniambia mapema kwamba unagombana na mumeo, ningehamia kwenye pasi ya mkaa."

Watu walicheka. Mama Swichi alijikaza kisabuni, akatabasamu nusu mdomo, akalipa. Njiani ndipo alipogundua kwamba alisahau chenji, na kwamba hana uso wa kuirudia.

*

Jumamosi alasiri alikuja Bonge, dereva wa gari la mafundi, mtu mnene, mcheshi, aliyefanya kazi na Paka miaka kumi na moja akimshikia kamba chini. Naye ujumbe wa saa sita ulimpata. Alikuja na fomu. Kila aliyeachishwa alitakiwa kurudisha vifaa vyote Jumatatu, kimoja kimoja, ndipo hundi itoke.

"Shemeji, wametupa orodha ndefu kuliko ya mahari," alisema, akijishusha kwenye mkeka kwa vituo. "Helmeti moja. Mkanda mmoja. Viatu vya kupandia nguzo, jozi moja. Nyaya za ethi, seti moja. Hata filimbi! Mimi filimbi niliipoteza mwaka wa mafuriko. Nimenunua ya refa."

Mumewe hakuwepo, alikuwa ameenda kumsindikiza mama yake kwa jirani aliyefiwa. Mama Swichi alilivuta begi la turubai kutoka chini ya kitanda, akalimwaga uani. Alivijua vifaa vile kama vyombo vya jikoni kwake. Aliita jina, Bonge akatia alama kwenye fomu. Helmeti. Mkanda. Viatu vya chuma. Nyaya za ethi zilikuwepo, zimekunjwa duara safi na kufungwa kwa uzi: zile nyaya nene ambazo fundi huzikaza kwenye laini na kuzishusha hadi ardhini kabla hajagusa kitu, ili umeme ukirejea kwa bahati mbaya uteremkie udongoni, usipite mwilini mwake.

Chini kabisa mwa begi kilikuwemo kikombe. Si cha chai. Mafundi huviita vikombe vile vishikio vya kaure vinavyobeba waya juu ya nguzo. Hiki kilikuwa cha kahawia na kimepasuka toka juu mpaka chini.

Bonge alikichukua, akakigeuza, akacheka. "Huyu Paka ni kiboko! Kumbe alikibadilisha?"

"Kipi?"

"Si hiki ndicho kilichotupeleka kule Jumatano? Saa sita nilipopigiwa simu nirudishe gari yadi haraka, hiki kilikuwa bado kiko juu na kipya kiko chini kwenye kamba, hatujakivuta. Nikamwita, nikamwambia ndugu yangu, shuka twende, tumeshafukuzwa, umeme wa watu unautengenezea nini? Akasoma simu yake kulekule juu. Akaniambia nitangulie." Bonge alitikisa kichwa. "Kubadilisha kikombe peke yako, bila mtu wa kukuvutia kamba, si chini ya saa mbili. Ameachishwa kazi halafu akaimaliza! Watu kama hawa ndio wa kufukuza?"

Mama Swichi alikipokea kikombe. Kilikuwa kizito kuliko alivyotazamia.

"Uliwaambia ofisini?"

"Niwaambie nini? Nani kaniuliza? Mimi nimeulizwa filimbi tu."

Akamimina chai ya kuaga, akanywa kwa kelele, akasimulia juu ya binamu yake mwenye lori la mchanga anayetafuta dereva. Mama Swichi aliitikia "ehe" na "kumbe" mahali panapostahili. Moyoni alikuwa anahesabu. Saa sita na saa mbili ni saa nane. Saa nane kikombe kipya kiko mahali pake. Saa kumi na moja kadi iko mezani. Kutoka kiwanda cha matofali mpaka kituoni kwa miguu ni nusu saa, tena kwa mtu anayechechemea.

Zilibaki saa mbili na nusu ambazo hazikuwa na mwenyewe.

*

Mumewe aliporudi alimkuta uani, kikombe kiko juu ya kigoda na yeye amesimama. Mapacha alikuwa amewatuma maji. Jua lilikuwa bado kali, nguo kwenye kamba zimekauka kama makaratasi.

"Hiki kilishuka saa ngapi?"

Mumewe alikitazama. Akatafuta pa kukaa, akakuta kigoda kimeshakaliwa, akachuchumaa palepale.

"Bonge ana mdomo," alisema.

"Bonge hajui alichosema. Nimekuuliza saa."

"Saa nane. Nane kasoro kidogo."

"Kwa hiyo hukushuka saa sita."

"Nilikuwa nimeshaifungua nati ya kwanza. Nikasema siwezi kuacha waya unaning'inia. Kuna watoto wanachezea kule nyuma ya kiwanda." Alichora mstari mchangani kwa kidole, akaufuta. "Nikamaliza. Nikafungua ethi, nikazikunja, nikazishusha kwa kamba."

"Ukazishusha. Halafu na wewe ukashuka."

Mumewe alichora mstari mwingine mchangani.

"Baba Pacha. Ethi hufunguliwa mwisho, na ukishazifungua unateremka hapohapo. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulikaa kule juu bila ethi mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kumi na nusu hivi."

"Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Mikono ilikuwa wapi?"

Alinyanyua viganja vyake, akavitazama kana kwamba ndivyo vitakavyojibu. Vilikuwa vimekauka na sugu. Jumatano, Mama Swichi sasa alikumbuka, mumewe alipoingia kituoni hakuwa na glavu.

"Kwenye waya," alisema mumewe.

Mahali fulani nje ya ukuta mtu aliburuta gunia. Mama Swichi akaushika mti wa kamba ya nguo. Alitaka kuuliza kwa nini, akaona kuwa swali hilo ni la mtu mjinga. Kiinua mgongo kilichotangazwa kilikuwa kama mishahara ya miezi mitano. Aliyekufa juu ya nguzo, kwa sheria ya shirika, familia yake ililipwa miaka saba na watoto wakasomeshwa. Kila fundi aliijua hesabu ile kwa kichwa. Waliifanyia utani siku za mvua.

"Nilijua kampuni haijaanza mpaka waziri abonyeze," mumewe alisema polepole. "Nikasema mpaka hapo mimi bado ni wa shirika. Watahesabu ajali kazini. Wasichana wamalize shule."

"Ukanipa mimi niwashe."

"Hapana!" Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano aliinua uso. "Hapana, Mama Pacha. Wewe zamu yako inaisha saa nane."

"Unajua zamu yangu."

"Najua. Nilisubiri mpaka saa nane ipite. Mwenzako angewasha. Yule wakimfokea kidogo tu anawasha." Akainamisha kichwa tena. "Sikujua hajaja. Nilikaa nasubiri, nasubiri, hakuji kitu. Nikajua ni wewe uliye pale. Ni wewe tu ambaye hutowasha. Nikaona haya. Nikashuka."

Mama Swichi alimtazama mwanamume yule aliyechuchumaa, mwenye mvi mbili tatu kwenye ndevu, baba wa watoto wake. Aliona hasira inakuja na huruma inakuja, zote kwa wakati mmoja kama watu wawili wanaobanana mlangoni, na hasira ikawahi.

"Unajua wangeandika nini?" alisema. "Wewe unajidanganya na sheria ya shirika. Saa sita walishakutoa kwenye orodha. Saa sita hukuwa fundi, ulikuwa mpita njia aliyepanda nguzo ya kampuni. Wangekushusha kwa kamba, wakakupiga picha, na kwenye gazeti wangeandika mwizi wa nyaya. Mwizi wa nyaya afia juu ya nguzo! Mapacha wangeambiwa hivyo shuleni. Mama yako angeambiwa hivyo msibani. Na miaka saba ya mshahara wangeilipa ukuta."

Mumewe alikuwa hajawaza hilo. Ilionekana wazi usoni kwamba hajawaza. Mdomo ulimfunguka, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na ilichukua muda Mama Swichi kuamini kwamba Paka analia.

Alipiga magoti mchangani mbele yake. Aliishika ile mikono miwili, akaikaza mpaka ikamuuma yeye mwenyewe.

"Hutapanda tena," alisema. "Hata kubadilisha taa ya chumbani hutapanda. Nitapanda mimi."

"Usiwaambie."

"Simwambii mtu."

"Wakijua nilikuwa juu baada ya saa sita, hundi wanaizuia."

"Nimesema simwambii mtu."

"Basi saini ile barua, iishe."

Sauti za mapacha zilisikika uchochoroni, wanabishana kuhusu ndoo ipi nzito. Mama Swichi aliinuka, akapangusa magoti, akakificha kikombe ndani ya begi.

*

Jumatatu asubuhi mama mkwe alimwamkia yeye badala ya kusubiri kuamkiwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ndoa. Alikuwa amempigia pasi gauni la kazini. "Mkamwana wangu, leo ukawe mdogo," alisema. "Saa moja tu. Ukirudi utakuwa mkubwa tena."

Ofisi ilikuwa ileile, ila ukuta ulipakwa rangi mpya mpaka usawa wa mabega, rangi ikaishia hapo. Afisa Utumishi naye alikuwa yuleyule, mwanamke ambaye Mama Swichi alikula naye maandazi mgahawani miaka tisa. Kibao cha mlangoni ndicho kilichobadilika, sasa aliitwa Afisa Rasilimali Watu. Mafundi walishalifanyia mzaha jina hilo, kwamba zamani walikuwa watumishi, sasa wamekuwa kokoto.

Alingojeshwa kwenye benchi ya korido tangu saa tatu mpaka saa tano kasorobo. Watu aliowafahamu walipita mbele yake wakisoma makaratasi kwa bidii. Dirishani, kule chini uani, aliuona mstari wa mafundi walioachishwa, kila mmoja na begi lake, na mumewe kati yao. Karani alikuwa anagonga kila helmeti kwa kalamu kana kwamba ananunua matikiti.

Alipoitwa, meneja alisimama kumpokea. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole kuliko sauti yake ya simu.

"Mama, karibu. Samahani kwa kukungojesha." Neno lilimtoka kirahisi, kama mtu anayepiga chafya. "Nimesoma faili lako. Miaka kumi na tisa bila ajali hata moja. Sitaki kukupoteza, nasema kweli. Lakini bodi inataka karatasi. Walioweka fedha zao waliketi gizani saa mbili. Nikiwaambia ni kwa sababu ya kipande cha bati, watanicheka mimi."

"Nimeileta," alisema Mama Swichi, akaiweka barua mezani. Nafasi ya sahihi ilikuwa nyeupe.

"Hujasaini."

"Nina swali kwanza. Kibarua wa mkandarasi akipanda nguzo kesho, nani atakayejua kwamba ameshuka?"

"Mfumo. Tunaleta mfumo. Msimamizi anapiga simu, inaingia kwenye kompyuta."

"Na msimamizi amejuaje?"

"Ameambiwa."

"Na nani?"

Meneja aligusa tai yake. Afisa Rasilimali Watu aliingilia haraka, kwa sauti ya maandazi ya zamani. "Dada yangu, haya mengine tuachie. Weka sahihi. Nyumbani kwako kumebaki mshahara mmoja, mimi najua. Wasichana wanasoma. Usijifanye shujaa kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Siku ile hakukuwa na mtu juu ya nguzo, na mumeo mwenyewe leo amemwambia karani kwamba alishuka saa sita."

"Hilo ndilo," meneja alisema, akainama mbele. "Tulimalize kwa hapo. Niambie wewe mwenyewe, mama, hapa tuko watatu. Kulikuwa na mtu juu ya nguzo au hakukuwa na mtu?"

Kule chini karani aliita namba thelathini na moja. Mama Swichi aliisikia sauti ya mumewe ikiitikia, nyembamba, "Nipo." Kikasikika kishindo cha begi likiwekwa chini. Muhuri ulikuwa mkononi mwa karani, na hundi haikuwa imetoka bado.

"Sikujua," alisema.

"Unaona sasa!"

"Sikujua, meneja. Na wewe hukujua. Ulikuwa na karatasi, mimi nilikuwa na kadi, na sote wawili tulikuwa hatujui. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikuwasha."

Meneja alitazama nafasi nyeupe ya sahihi. Kalamu aliyokuwa amemsogezea ilibaki katikati ya meza. Kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu anayetaka kuuliza jambo jingine, kisha akatazama saa.

"Tusiandike, basi," alisema kwa uchovu. "Barua nitaitengeneza upya, ile sentensi ya simu nitaipunguza makali. Wewe nipe neno tu, kwa mdomo. Samahani. Neno moja, urudi kituoni leoleo, zamu ya mchana inakungoja."

Afisa alimbonyeza bega kwa kidole. "Neno moja, dada."

Muhuri uligongwa kule chini. Mara moja, mara mbili. Mama Swichi alichungulia dirishani, akamwona mumewe anatoka kwenye mstari bila begi, hundi mkononi, amesimama juani hajui aelekee wapi. Ndipo akaichukua kalamu, akaigeuza barua upande usioandikwa, akamsogezea Afisa Rasilimali Watu vyote viwili.

"Andika wewe, mwandiko wako mzuri. Andika: ameitwa, amekuja, ameulizwa, haombi radhi. Hapo nitatia sahihi."

"Mama," alisema meneja, "unajua kitakachofuata?"

"Najua."

"Na bado?"

"Siombi radhi."